Hatua Zisizotikisa Ndoo

Mama Mhudumu alikuwa hamwagi maji. Naanza na hilo, siyo mahali alipozaliwa wala ukoo wake, kwa sababu hilo ndilo lililomponza, na kwa sababu kila nikilikumbuka hasira zinanipanda upya. Ndoo ya lita ishirini, imejaa hadi ukingoni, anaitoa bondeni na kuipandisha hadi juu Kitangari, mlima ambao vijana wa mpira husimama mara tatu kutafuta pumzi, naye anafika mabega makavu. Wanawake wengine huweka majani mabichi juu ya maji ili yasicheze njiani. Yeye aliyaona majani hayo ni aibu.

"Majani ni ya mbuzi," alikuwa akisema. "Maji yanatulia ukitulia wewe."

Mimi ni muuguzi. Nilitoka kwetu Lisekese, upande wa Masasi, nikapangiwa zahanati moja ya huku juu, na kwa miaka kumi na moja yeye ndiye alikuwa miguu yangu. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji: anapita nyumba kwa nyumba, anauliza nani anakohoa, nani ana mimba, nani ameacha dawa, kisha anarudi kuniambia. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la zahanati, lakini sikumsikia mtu akilitaja. Watoto walimwita Mama Mhudumu, wazee walimwita Mama Mhudumu. Shekhe na katekista, ambao hawakuwa na mengi ya kukubaliana, kwa hilo walikubaliana.

Kila kitu chake kilikwenda kichwani. Mkoba wa dawa kichwani. Daftari la kaya kichwani. Siku moja nilimkuta njiani mvua inamnyeshea, mwavuli umefungwa vizuri, umelala kichwani juu ya mkoba. Nikacheka hadi nikashika mti. Hakuona kichekesho.

"Mwavuli wa zahanati huu, Nesi. Kitu cha watu hubebwa kichwani. Cha kwako ndicho unaweza kukining'iniza mkononi kama samaki."

"Sasa si utaloa, mama?"

"Mimi nitakauka."

Mikono, alisema, ni ya kusalimia watu. Na kweli alisalimia. Shikamoo zake kwa waliomzidi umri alizitoa akiwa amepiga goti nusu, na ndoo au mkoba juu ya kichwa haukuegama hata kidogo. Nimeona wageni wakisimama kumtazama. Sisi wa pale tulishazoea, na mazoea ni kitu kibaya, kwa sababu mtu ukimzoea sana hata macho yanaacha kumwona.

Alikuwa na namna yake ya kuingia nyumba za watu. Hakuuliza hali kwanza. Aliomba maji ya kunywa. Huku juu maji ni shida. Bomba likitoa leo, wiki nzima linakohoa tu. Kwa hiyo anayekupa maji amekukubali, na usipopewa ujue hujakaribishwa. Lakini yeye alikuwa na sababu nyingine. Akipewa kikombe, macho yake yalikuwa kwenye mtungi. Kama mtungi umejaa, mama wa nyumba ni mzima. Kama uko nusu, kuna jambo. Kama umekauka, anaweka mkoba chini na kukaa.

"Mtungi mkavu ni mgonjwa ambaye bado hajasema," aliniambia wiki yangu ya kwanza. Chuoni sikufundishwa hivyo. Nikawa naandika kwenye ripoti zangu "dalili za awali", kumbe ni mtungi.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na mdomo. Wenye presha aliwakataza chumvi kwa matusi, kisha unamkuta jikoni kwake anatafuna samaki mkavu mwenye chumvi ya kuchubua ulimi. "Mimi napima kama ile dawa inafanya kazi," alinijibu bila haya. Alimwambia kila mtu aende zahanati; yeye mwenyewe goti likimuuma alijifunga majani na kuniambia amejikwaa. Wajawazito aliwakataza kubeba mizigo, na akimkuta mmoja na ndoo anamnyang'anya, anajitwika mwenyewe, anaipeleka hadi mlangoni, halafu mume anapata yake.

"Gunia zima la korosho unalibeba, ndoo ya mkeo ndiyo nzito?"

Wanaume walimwogopa. Mmoja alijificha chooni hadi akaondoka.

Sasa nije kwenye simu. Ulikuja mradi, usiniulize wa nani, na mratibu wake alikuwa kijana mpole sana, mwenye kutuita "mama zangu" hata wanaume walipokuwepo. Akagawa simu nane kwa wahudumu wanane, kila mmoja na yake. Simu zile zilikuwa zinahesabu hatua. Mhudumu akitembelea kaya, alisema, hatua zitaonekana. Akilala nyumbani, zitaonekana pia. Baada ya miezi mitatu orodha itapangwa, wa mwisho ataachwa, na eneo lake atapewa mwingine.

"Hii haidanganyi, mama zangu," alisema. "Muiweke tu mfukoni muda wote mnapotembea."

Mfukoni! Kati ya wahudumu wanane, watano walikuwa wanawake, wamevaa vitenge, na hakuna aliyekuwa na mfuko hata wa kutilia sarafu. Tukatazamana. Hakuna aliyesema, na mimi niliyevaa koti jeupe lenye mifuko miwili mikubwa sikusema pia. Mama Mhudumu peke yake ndiye aliyenyoosha mkono.

"Baba, hiyo simu inajuaje kwamba huyu ni mimi ninayetembea?"

"Inahisi mwenyewe, mama. Inajua tu."

Akaipokea kwa mikono miwili.

Wanawake wengine waliitumbukiza kwenye sidiria, wengine waliifunga kwenye pindo la kanga kiunoni. Yeye hakuniambia aliiweka wapi na mimi sikumuuliza. Nilimwona anapita asubuhi, nikamwona anarudi alasiri vumbi hadi magotini, na hilo nililiona siku zote.

Wiki ya kwanza orodha ikaja kwenye kundi la simu. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Huyu naye alikuwa mhudumu, lakini kila mtu anajua anashinda barazani anashona sare za shule, na kaya zake anazitembelea siku za sikukuu. Wa mwisho, kwa maandishi mekundu, alikuwa Mama Mhudumu. Hatua mia nne na kidogo kwa siku. Kutoka kwake hadi zahanati peke yake ni zaidi ya hizo. Chini ya jina lake kuna mtu aliweka picha ndogo.

"Hiki nini, Nesi?" alinionyesha. "Macho yangu hayaoni vizuri."

"Kobe, mama."

Akaitazama muda. "Kobe naye hufika," akasema, lakini hakucheka, na mtu huyu alikuwa akicheka hata misibani.

Wiki ya pili mwisho. Ya tatu mwisho. Akaanza kutembea zaidi. Kaya za bondeni, alizokuwa akizipitia mara mbili kwa wiki, akawa anazishukia kila siku. Akirudi anazunguka nyumba yake, anazunguka tena, majirani wakawa wanauliza kama amepoteza kitu. Namba ikapanda kidogo, ikashuka. Jioni moja alikaa kwenye benchi la zahanati, miguu ameinyoosha mbele, anaitazama kama ya mtu mwingine.

"Labda imekuwa miepesi mno, mwanangu. Simu haiisikii."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Hapo! Mtu niliyemwona kwa macho yangu miaka kumi na moja akipanda na kushuka ule mlima ananiambia labda hatembei, na mimi nikafikiria: labda kweli. Labda siku hizi anapumzika njiani. Labda anakaa kwa watu kupiga soga. Nikaamini kioo cha simu kuliko macho yangu, mimi, msomi mzima. Mratibu alipoleta fomu ya mwisho kulikuwa na sehemu imeandikwa "Maoni ya msimamizi". Msimamizi ni mimi. Nikaandika maneno mawili: Umri umekwenda. Nikasaini. Nilijiona nimemtetea, eti nimemtafutia sababu ya heshima.

Alikuja kukabidhi vitu siku ya Jumatatu. Akaweka mkoba mezani. Akaweka fulana ya wahudumu, imefuliwa na kukunjwa. Akavua mabuti ya mvua, akayagonganisha nje udongo utoke, akayapanga ukutani. Nikawa naandika kimoja kimoja: mkoba, fulana, mabuti.

"Na simu, mama."

Akainua mikono kichwani, akafungua kilemba, akatoa ngata. Ilikuwa ngata ile ile ya kitambaa anayotwikia ndoo. Akaifungua katikati, na ndani, imefungwa kwa leso safi, ilikuwamo simu.

Kalamu ilinikaa mkononi. "Mama. Ulikuwa unaibeba humo?"

"Nikaibebe wapi? Simu ya watu nikaiweke kwenye matiti? Kiunoni jasho tupu."

"Siku zote?"

"Siku zote. Kitu cha watu."

Nikamwomba airudishe kichwani vile vile, aweke na mkoba juu yake, atembee kutoka mlangoni hadi kwenye mkorosho ulio nje na kurudi. Nikatembea nyuma yake nikihesabu kwa mdomo. Nilihesabu mia mbili. Simu iliongeza sita. Nikaitia mfukoni kwenye koti langu, nikatembea njia ile ile kwa mwendo wangu wa kurukaruka. Mia mbili na tatu; ilinizidishia tatu za bure. Ndipo nilipoelewa na habari ya fundi wetu: simu mfuko wa suruali, mguu kwenye pedeli ya cherehani kutwa nzima. Nilimwendea baadaye, hakukataa. "Nesi, mimi niseme nini? Simu ndiyo iliyosema."

Mama Mhudumu alikuwa amesimama mlangoni miguu mitupu, ananisikiliza nikimweleza.

"Kwa hiyo inataka nitikisike."

"Ndiyo, mama."

"Na ndoo je?"

Nikampigia mratibu pale pale, yeye akiwa anasikia. Nikaeleza yote, ngata, mkorosho, hatua mia mbili zilizohesabiwa sita.

"Pole sana, Nesi," akasema kwa upole wake ule. "Lakini maelekezo yalikuwa mfukoni."

"Hawana mifuko! Umewaona mwenyewe wamevaa nini!"

"Orodha imeshapanda juu. Na hata wewe msimamizi umesaini. Umeandika suala la umri."

Nilikata simu. Sikujua kama yale ya mwisho yalimfikia Mama Mhudumu. Alikuwa ameinama anafunga kilemba chake upya. "Haya, Nesi," akasema, akaondoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatembea bila kitu kichwani. Mikono haikujua ikae wapi.

Kaya za bondeni akapewa fundi. Fundi hakushuka. Angeshukaje, sare za shule nani angeshona? Aliyeshuka ni yule yule. Bila mkoba, bila fulana, bila ruhusa ya mtu. Nikajua kwa sababu watu wa bondeni waliendelea kuja na ujumbe: Mama Mhudumu amesema nije, Mama Mhudumu amesema mtoto huyu umwangalie masikio. Niliwapokea. Sikumwambia mratibu. Ushujaa wangu uliishia hapo.

Mabuti yalibaki stoo kwangu. Nilitakiwa kumpa fundi, lakini miguu yake ilikuwa mikubwa, hayakumwingia. Hakuna mhudumu mwingine yaliyemtosha. Masika yote yalikaa pale ukutani, safi, yamekauka, na kila nikiingia kuchukua pamba nayaona. Ningeweza kumpelekea. Ni umbali wa dakika kumi. Nikawa nasema ni mali ya mradi, yameandikwa, nikiulizwa nitajibu nini.

Kule bondeni alikuwepo binti mmoja, Somoe, mimba ya pili, ya kwanza ilishaharibika. Siku mbili mfululizo hakuonekana kwenye njia ya maji. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mmoja. Mama Mhudumu alishuka asubuhi kwenye mvua, akaomba maji ya kunywa, akaambiwa hakuna. Akachungulia mtungini. Somoe alikuwa ndani amelala, uso umevimba, kichwa kinamuuma, anaona nyota. Mume akatumwa mbio kutafuta pikipiki. Wakampakia katikati, mume nyuma amemshikilia, na pikipiki ya watu watatu haina nafasi ya wa nne. Mama Mhudumu akabaki kupanda kwa miguu. Alikuwa amevaa ndala.

Aliteleza mahali ambapo amepita maisha yake yote. Nyonga ikavunjika. Alilala pale kwenye tope hadi wachota maji walipompata, na kitu cha kwanza alichowauliza ni kama pikipiki imefika. Ilifika. Nilimpokea Somoe kwa mikono yangu, tukampa dawa, tukamsafirisha mapema, na mtoto yuko hai hadi leo, mnene, anauma watu. Sijui nimkasirikie nani kwanza. Mratibu na upole wake, fundi na pedeli yake, yule aliyeweka kobe. Nikimaliza wote nabaki mimi na yale mabuti.

Baada ya matibabu binti yake alimchukua akaishi naye Masasi mjini, Mkomaindo, kwenye nyumba yenye bomba uani. Mimi nikawa sina nafasi. Ndivyo nilivyokuwa nasema, sina nafasi, kwa zaidi ya mwaka. Mwishowe nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nesi. Umenenepa. Unatembea kweli wewe?"

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepungua, gongo limeegemea goti. Mdomo ulikuwa mzima. Akaniuliza nyumba moja moja: yule wa kifua amemaliza dawa? Yule mume wa chooni bado anajificha? Nikajibu. Halafu nikasema nilichoendea, haraka, kabla ujasiri haujaniponyoka. Kwamba siku ile kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya maoni. Kwamba niliandika umri umekwenda. Kwamba mabuti yalikuwa stoo muda wote. Kwamba naomba anisamehe.

Alikuwa anatazama bomba. Binti yake akatoka ndani, akaona kimya, akakijaza kama watu wema wanavyofanya.

"Mama, saa ya mazoezi. Nesi naye akuone."

Daktari alikuwa amemwambia atembee kila siku, na binti alikuwa anamhesabia kwa simu yake. Alimshonea mama mfuko mbele ya gauni, mfuko mzuri wenye kifungo, na humo akaitumbukiza simu. Mama Mhudumu akainuka kwa gongo. Alitembea hadi kwenye bomba, mguu mmoja unakwenda, mwingine unaburutwa, mwili wote unapanda na kushuka. Pale bombani akafungua maji, akajaza kopo dogo, la kuogeshea mtoto. Binti akaguta, "Mama, acha!" Hakuacha. Akalitwika. Bila ngata, mkono mmoja kwenye gongo, akaanza kurudi.

Maji yalimwagika hatua ya kwanza. Yakamwagika ya pili. Yalimshuka shingoni, begani, kifuani, na yeye akaja vivyo hivyo hadi kwenye kiti, akakaa, kopo likiwa karibu tupu.

Binti akachomoa simu, akaipangusa, akasoma. Uso ukamchanua. "Sitini na nane! Kwenda na kurudi! Hongera, mama!"

Na mimi nilikuwa nimehesabu kwa mdomo, mazoea tu. Sitini na nane.

Mama Mhudumu akajifuta bega kwa kiganja. Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nimalize kusema.

"Haya, Nesi," akasema. "Sasa ndiyo uandike yale maneno yako."